Mgongo wa Baba Watoto

Ndoo mbili za rangi za lita 20 zimejazwa zege, katikati limepitishwa bomba la chuma. Ndicho chuma walichojitengenezea vijana wa mtaa wetu hapa Isevya, mjini Tabora. Zege la ndoo moja tu linakaribia kilo 48. Jioni moja baba watoto alikiinamia huku magoti yamenyooka, akakivuta kwa nguvu zake zote, akaanguka kifudifudi. Tulimwingiza ndani tumembeba juu ya mlango wa banda la kuku.

Tangu hapo kila mtu akawa daktari. Mama mkwe aliamuru alale chali, asiguswe mpaka mwezi uandame. Shemeji alitaka mtoto apande amkanyage mgongoni. Hilo nililikataa palepale. Mimi nilimvalisha viatu, nikamshika kila alipokohoa. Choo chetu ni cha kuchuchumaa naye hawezi, basi shemeji akapasha kisu moto, akatoboa kiti cha plastiki. Kwa kazi hiyo namshukuru mpaka leo.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alianza na maswali yaliyonitisha. Kuna shida ya mkojo? Kuna ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani? Miguu inalegea? Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni dharura ya siku ileile, kwani huenda mishipa ya fahamu imebanwa. Alhamdulillah, hakuwa na hata moja. Akasema misuli imevutika, na kwa wengi maumivu ya namna hii hupungua sana ndani ya wiki sita. Atumie dawa ya maumivu, lakini atembee, maana kulala mfululizo hudhoofisha misuli inayoushika uti wa mgongo.

Mama mkwe hakutaka kusikia. "Babu zake walipeleka pembe Bagamoyo kwa miguu. Leo mjukuu wao anavunjwa na ndoo?"

"Mama," nikamwambia, "mpagazi alibeba frasila mbili, kama kilo 32. Mwanao amenyanyua mizigo ya watu watatu."

Nikamweleza pia alichoandika Richard Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857: mitumba ya nguo ilifungwa pamoja na vijiti ili isimamishwe kwenye mti wakati wa mapumziko, mpagazi asilazimike kuinama anapoichukua tena. Mama akanyamaza, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kwani nani alikutwika?"

"Hakuna, mama."

"Mzigo wa watu watatu, na hakuna wa kukutwika!"

Asubuhi iliyofuata alimgongea kabla ya jua: "Wangaluka! Amka tutembee." Siku ya kwanza walifika kwenye mwembe wa jirani, wakarudi. Baadaye wakafika barabarani, kisha sokoni, mama mbele, mwanawe nyuma akilalamika. Hakumruhusu kukaa hata alipoomba. Mgongo ulianza kulegea, na viatu akavaa mwenyewe.

Sasa ugomvi ni wa zile ndoo. Mama anataka zifukiwe ziwe msingi wa geti. Vijana wanadai ni mali ya mtaa. Mtaalamu ameruhusu galoni la maji la lita tano, kwa sharti kwamba akunje magoti na mzigo ukae karibu na tumbo. Baba watoto amekubali, lakini jana nimemkuta amesimama na vijana wale wakizungumzia mashindano. Bomba lao hawatalipata. Mama amelificha uvunguni mwa kitanda chake, na mlango anafunga kwa kufuli.