Barua ya wazi kwa mwenye koti

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUIFUTA SOSHOLOJIA VYUONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule mwombaji wa kazi uliyemsaili mwezi uliopita, mwenye shati la bluu la kuazima. Ofisi yako siitaji, maana nilifundishwa kutunza siri za watafitiwa. Uliponiuliza nimesomea nini nikajibu sosholojia, shahada ya kwanza, miaka mitatu, uliwageukia wenzako wa jopo ukasema, "Aa, ile kozi ya kupiga soga." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Anayetafuta kazi huchekea hata kinachomuuma. Kisha ukaniuliza, "Sasa wewe utajenga nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo: uko sahihi, na kozi hii ifutwe kabla haijaharibu watoto wengine wa watu. Mimi mwenyewe ni ushahidi.

Uliniita saa mbili asubuhi, nikaingia kwako saa nane mchana. Mtu mwenye akili zake angesinzia pale kwenye benchi la korido. Mimi nikahesabu. Watu tisa waliingia bila kupanga foleni, na saba kati yao walimsalimia mlinzi kwa lugha ya kwao na kumuulizia mama mzazi, ule mguu unaendeleaje. Nikamkumbuka Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeeleza tangu mwaka 1377 jinsi asabiya, ule mshikamano wa damu na ukoo, unavyowapa watu dola, kisha raha za dola zikaumomonyoa. Hebu fikiria hasara hiyo: kijana amekaa anasubiri kazi, mawazo yako karne ya 14. Si bora angesomea umeme?

Mlango wako ulikuwa wazi. Niliona kiti kirefu cha ngozi, taulo jeupe mgongoni, na juu ya taulo koti la kijivu. Kila tulipouliza, katibu muhtasi alijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Bosi yupo, koti lake si mnaliona?" Kuanzia saa mbili mpaka saa saba na nusu koti halikutikisika. Max Weber, Mjerumani mmoja tuliyelazimishwa kumsoma, aliandika kwamba katika ofisi ya kisasa cheo si mali ya mtu: mtu hupita, kiti hubaki, na kazi huendelea kwa kanuni na majalada. Kwako kiti kilibaki, koti likabaki, aliyepita ni mtu. Weber alifariki mwaka 1920 bila kuliona koti hilo. Angeliandikia sura nzima.

Ubaya mwingine wa kozi hii ni fildi. Mwaka wa pili tulipelekwa Kilosa na madodoso yetu yaliyochapwa vizuri. Swali la nne: kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi? Mzee mmoja mkulima wa ufuta alinitazama kwa huruma.

"Mwezi upi, mjukuu wangu?"

Nikalisoma tena swali, taratibu, nikidhani hakusikia.

"Nimekusikia. Nakuuliza mwezi upi. Ufuta nauza mara moja kwa mwaka. Miezi mingine nakula deni."

Nikabaki na kalamu hewani. Usiku ule msimamizi alitufutisha swali lote, tukaandika upya: unauza nini, unauza lini, na kabla ya mavuno nani hukukopesha unga. Kazi ya siku nne ikatupwa kwa sababu ya maneno mawili ya mzee. Ninyi hamna usumbufu huo. Fomu yenu, nimeiona imebandikwa ukutani, bado ina kisanduku cha kipato kwa mwezi. Mkulima anaandika sifuri au anabuni, mnajumlisha, mnapata wastani, na wastani unapanda gari kwenda Dodoma. Nchi imetulia.

Nikiri na letu. Wengi hatukuichagua sosholojia. Mimi nilitaka sheria, alama zikagoma. Wapo waliofaulu kwa madesa ya mwaka juzi bila kuzungumza na mkulima hata mmoja, na wewe ukikutana nao ukasema "soga," siwezi kukubishia.

Ila lile swali la kujenga nililipeleka maktaba. Nikamkuta Eduardo Mondlane, Mmsumbiji, aliyeisomea soga hiyohiyo Marekani, Oberlin kisha Northwestern, hadi udaktari mwaka 1960. Alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Akaacha mshahara, akahamia hapa Dar es Salaam kuiongoza FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa jijini humu mwaka 1962. Tarehe 3 Februari 1969 alifungua kifurushi cha kitabu kilichotegwa bomu, akafa. Aliyekituma hakuwa na maoni kama yako kuhusu wanasosholojia. Mwaka 1975 Msumbiji ikawa huru. Lakini nakubali, huyo hakuwahi kukaa kwenye benchi lako.

Basi ifute. Ila kabla hujasaini, nina ombi moja. Niruhusu nijitolee kwako wiki mbili, bila posho wala chai, nikae kwenye benchi lilelile nimalize kuhesabu. Nilipoondoka siku ile, saa tisa alasiri, foleni ilikuwa na watu kumi na wawili, na koti lilikuwa limesharudi kitini peke yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji namba 31

Nakala: Koti.