Gari Limelala, Betri Iko Macho

Tangu mpwa wangu aegeshe gari lake la kifahari uani kwangu hapa Vugiri, nimepandishwa cheo bila barua. Nilikuwa mwalimu mstaafu mwenye migomba na iliki zangu kidogo. Sasa ni mlinzi, karani wa mafundi na muuguzi wa betri. Mshahara hakuna, na lawama zote hunijia kwa simu kutoka Dar es Salaam.

Gari lenyewe ni la michezo, la Ulaya: milango miwili, viti viwili, paa la kitambaa linalojikunja ukibonyeza kitufe. Lilipitia Japani kwa mwenye nalo wa kwanza, likashushwa bandarini, likalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na kwa kuwa lilishavuka miaka kumi, likatozwa na ushuru mwingine wa uzee. Mtu aliyelipa yote hayo ana haki ya kulileta nyumbani ndugu walione. Hilo silikatai. Ninachokataa ni kuachiwa.

Kupanda huku kutoka Korogwe alipanda salama kwa sababu udongo ulikuwa mkavu, ingawa tumbo la gari lilisalimiana na kila jiwe la njiani. Kisha mvua ikashuka. Udongo wa Usambara ukilowa, hata vijana wa bodaboda hufunga mnyororo kwenye tairi la nyuma ndipo wapande. Mpwa wangu akatoka nje, akaitazama barabara, akazitazama rimu zake zinazong'aa, akaniambia, "Mjomba, naliacha kwako. Nitalifuata njia ikikauka." Akateremka na bodaboda, begi mgongoni, akawahi basi. Wosia aliouacha ulikuwa mmoja: nisiliwashe ovyo, linakunywa.

Nikatii. Gari likakaa chini ya mparachichi, turubai juu yake. Siku niliyotaka lisogezwe kidogo ili niangushe tawi bovu, nikabonyeza rimoti. Kimya. Gari lile lile lililokuwa likikonyeza taa zote nne ukilipitia tu, leo halijibu salamu.

Nikampigia mwenyewe. "Shikamoo mjomba. Betri imeisha? Haiwezekani! Hilo gari halijatembea!"

Maneno hayo yananiudhi mpaka leo. Watu wa mjini wanaamini gari lisilotembea halili. Land Rover za zamani ndizo zilizokuwa hivyo, ukizima, umezima. Hata magari ya mbio ya enzi zile yalikuwa na adabu hiyo. Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ilikuwa gari la michezo la milango miwili vilevile. Ilikula matope na mawe ya nchi zetu, na ndani yake hapakuwa na kompyuta ya kukesha. Hili la mpwa wangu ukilifunga, alamu inabaki ikisikiliza, kipokezi cha rimoti kinabaki kikingoja bwana wake, saa inahesabu, na kompyuta ndogo ndogo zinaulizana hali. Wote hao wanakula betri.

Mafundi wanasema gari zima, likishafungwa na kutulia, linatakiwa lisizidi miliampia 50. Unaona ni kidogo. Lakini piga hesabu: saa 24 kwa 50 ni ampia-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampia-saa 70, ndani ya mwezi mmoja nusu imekwenda. Na hapo gari halina ugonjwa wowote. Matajiri wa Ulaya wanalijua jambo hili. Wakiegesha gari la namna hiyo wanalichomeka kwenye chaja ndogo ukutani na kwenda zao. Mpwa wangu alilichomeka kwangu.

Sasa sikilizeni kioja. Betri iko mbele, chini ya kifuniko. Kifuniko hakina kamba ya kuvuta, kinafunguliwa kwa swichi ya umeme. Umeme uko kwenye betri. Betri iko chini ya kifuniko. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na swali kama hili ningempa mtoto wa darasa la tano ningeitwa ofisini nikajieleze.

Vijana wa kijiweni walifika kusukuma kabla sijawaita. Nikawaambia hili ni otomatiki, gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, mtalifikisha bondeni likiwa limezima vilevile. Hawakuamini, wakanitazama kwa huruma. Mzee mmoja jirani akalizunguka mara kadhaa, mikono nyuma, akauliza, "Mgosi, gari la mamilioni yote haya halina hendeli?" Sikuwa na jibu. Bedford za kubebea mizigo zilikuwa na hendeli, unaichomeka mbele, unazungusha, unaomba Mungu isikurudie mkononi, na injini inakohoa. Hili limeundwa na wahandisi waliobobea, na halina hata tundu la kutilia kidole.

Aliyetuokoa ni dereva wa Fuso aliyekuja kupakia ndizi. Mtu wa haraka, mkarimu kuliko inavyotakiwa, akatoa nyaya zake za kubusti akataka kuunga papo hapo. Mpwa wangu kwenye simu akapiga kelele nusu spika ipasuke: Fuso ni volti 24! Kweli. Lori lile lina betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, na ukizichukua zote kwa pamoja ukazipeleka kwenye gari la volti 12, zile kompyuta zinazoulizana hali zitaagana. Tukachukua umeme kwenye betri moja tu. Lakini tuupeleke wapi, na kifuniko kimefungwa?

Kumbe watengenezaji walishaliona tatizo, wakaficha dawa yake mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki. Unafungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliochomekwa ndani ya rimoti. Unapiga magoti kwenye matope, unaingiza kichwa chini ya usukani, unatoa kifuniko cha sanduku la fyuzi. Ndani yake kuna kidude chekundu. Unakivuta kwa nje. Hapo ndipo chanya inaposhikizwa. Hasi unaishikiza kwenye chuma cha kitasa cha mlango. Halafu unabonyeza rimoti, na kifuniko cha mbele kinafunguka "tak".

Kilifunguka. Ila hakuna aliyenionya kwamba gari likipata umeme wakati mlango uko wazi hudhani linaibwa. Alamu ikalia. Mlimani huku sauti haipotei, inakwenda ng'ambo ya bonde na kurudi, na kwetu ukisikia yowe huulizi, unakuja. Walikuja. Wengine na mapanga, mmoja na mwiko wa ugali. Walipoona mwalimu wao wa zamani kalala kifudifudi chini ya usukani wa gari la mtoto wa dada yake, miguu nje, nilitakiwa kutoa maelezo marefu, tena kwa sauti ya kushindana na honi.

Betri tuliikuta na volti 4. Iliyojaa huwa na 12.6 hivi, ikifika 12 imeshachoka, na ikikaa tupu kwa muda mrefu sahani za ndani hugangamaa kwa chumvi na hairudi tena ilivyokuwa. Tukaing'oa, mzigo wa kama kilo ishirini, nikaiweka sebuleni kwenye chaja. Umeme wenyewe ni huu wa vijijini, tuliounganishiwa kwa Sh27,000. Mama watoto akasogeza kiti karibu na mita ya LUKU akawa anasoma yuniti. Nikamweleza kwamba kuijaza betri nzima ni kama yuniti moja na kitu. Akasema hata shilingi ni moja na kitu.

Tukairudisha. Gari likanguruma, watoto wakashangilia, nikapokea pongezi. Wiki haijaisha, kimya tena.

Mpwa wangu akasema ni baridi yenu ya huko, mjomba. Nikamwita fundi umeme wa magari kutoka Korogwe, kijana mtaratibu mwenye mita yake ndani ya soksi, naye akacheka. Joto la Dar ndilo linaloua betri, akasema. Baridi ya mlimani inakuja tu kusoma risala ya msiba. Akaunga mita kwenye waya hasi, akafunga gari, akaomba chai. Nikamuuliza mbona hapimi. Akasema kompyuta zikiamka huchukua hata nusu saa kulala, na ukifungua mlango kuchungulia umeziamsha upya. Basi tukanywa chai huku tumelipa gari mgongo, na kila mtoto aliyesogea alifukuzwa.

Mita ikasoma ampia 0.6. Mara kumi na mbili ya inavyostahili! Kwa mwendo huo zinaondoka ampia-saa 14.4 kila siku, na betri ya 70 haimalizi hata siku tano. Fundi akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, jicho kwenye mita. Redio, haikubadilika. Taa za ndani, bado. Akafuata waya mnene mwekundu ambao, kwa maneno yake, "haukuzaliwa na hili gari". Ukampeleka nyuma ya viti. Amplifaya. Fundi fulani wa mjini aliyefunga muziki ule aliunga waya wa kuiamrisha iwake moja kwa moja kwenye umeme wa kudumu, badala ya ule unaokatika ukizima swichi. Amplifaya imekuwa macho tangu Dar, haipigi wimbo wowote, ipo tu, inapasha joto mabuu ya chini ya zulia.

Na kifaa cha kufuatilia gari nacho kilikuwepo, kinatafuta mtandao ambao mlimani huku huja na kuondoka na ukungu. Fundi akasema hicho mlaji mdogo, ila kinaamshwa kila mwenyewe anapolitafuta gari kwenye simu. Nikampigia mpwa wangu kumuuliza analitazama mara ngapi. Akanyamaza kidogo. "Nalikumbuka, mjomba."

Tiba ilikuwa kukata waya mmoja. Mwenye mali akakataa, tena kwa heshima zote: muziki ule ulifungwa kwa gharama, usiguswe mpaka aje mwenyewe. Basi nimechomoa waya hasi wa betri, na hapo nimenunua matatizo mapya. Redio sasa inadai namba ya siri asiyoijua mtu yeyote katika ukoo. Milango haina fremu ya kioo; ukifungua, kioo hutakiwa kushuka kidogo kwa umeme ndipo kipite kwenye mpira wa paa, na bila betri hakishuki, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kugusa mlango. Kifuniko cha mbele nacho sithubutu kukibana, nisije nikapigia watu yowe tena. Nimekiachia wazi kwa upana wa kiganja na kukifunika turubai. Panya wamepapenda.

Barabara ilishakauka. Noah za abiria zinapanda na kushuka na vumbi lake, lakini mpwa wangu kila Ijumaa ana kikao.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi wenye magari ya namna hii na wajomba milimani. Kabla ya kumwachia mtu gari, chomoa waya hasi mbele ya macho yake, mwonyeshe kile kidude chekundu kilipo, mwandikie namba ya siri ya redio kwenye karatasi, na mnunulie LUKU. Ukiona hayo ni mengi, liache Dar, panda Noah kama sisi.