Weka Wazimu, Mwalimu

Eti mdaiwa halali usingizi. Uongo. Jirani yangu nilimdai shilingi 2,400,000 kwa miaka mitatu, na kila usiku nilimsikia akikoroma ng'ambo ya ua. Aliyekesha ni mimi. Asubuhi moja akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akasema, "Mwalimu, fedha sina. Chukua lori."

Lilikuwa Fiat 682 N3, uso bapa, taa kama macho ya chura, limekaa hapo miaka 19. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Mparachichi ulikuwa umeota chini yake, ukatoboa mbao za bodi upande wa kushoto, nyuma kidogo ya tairi, ukapanda juu na kuanza kuzaa. Mtu mwenye akili angeomba kuku.

Lakini mimi ni mwalimu wa Jiografia, na ugonjwa wangu ni wa kazini. Kwa miaka 26 nimewaambia wanafunzi kwamba tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake Rhodesia, Zambia ikakatiwa mafuta yaliyopitia njia ya kusini, mafuta yakaanza kwenda na shaba kurudi kwa malori kupitia Dar es Salaam, kwenye barabara ya vumbi na matope, kabla bomba la mafuta halijakamilika mwaka 1968 na reli ya TAZARA mwaka 1975. Na malori mengi ya safari hiyo yalikuwa Fiat za aina hii hii. Nimeyafundisha kwa chaki tu. Sasa somo lenyewe hili hapa, linatagiwa mayai. Nikaligusa bampa. Mama watoto anasema hapo ndipo aliponipoteza.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya mti. Mke wa jirani alitoka na mwiko mkononi akasema deni ni la mumewe na mumewe ametoa lori, hakutoa parachichi, atakayeukata atamkuta. Ilibidi seremala aje na msumeno, akate mbao za bodi kutoka kwenye shina mpaka mwisho wa nyuma, ili trekta likilivuta lori mbele mti ubaki umesimama. Ukabaki. Lori likaingia gereji Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, likiwa na mwanya wa upana wa mtu mzima nyuma ya tairi la kushoto, na fundi akauliza kama ni hapo mnyama hutolea kichwa.

Kufufua lori si kazi ya kusimulia. Ni miezi 14 ya kukuta nati haifunguki. Pampu na nozo zilikwenda kwa mtaalamu wake, rejeta ikazibuliwa, stata ikasukwa upya, gasketi zilizokosekana fundi akazikata mwenyewe kwa mkasi, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Fedha nilizotumia sizitaji, maana mama watoto anasoma majarida.

Kitu kimoja tu kilikuja bila kununuliwa. Wiki ya pili alitokea mzee mmoja wa miaka 74, akazunguka lori mara mbili, akaegemea tairi la nyuma kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. Nikampa shikamoo. Akaniambia alikuwa utingo wa Fiat kama hii tangu mwaka 1967, Dar mpaka Zambia. Kesho yake alirudi na kabari ya mninga, nyeusi kwa mafuta, pana kama mto wa kulalia, ina kitanzi cha kamba. Akaiweka chini ya tairi, akaketi juu ya ndoo, na hakuondoka tena.

"Ya nini, mzee?" nikamuuliza. "Lina breki za upepo."

"Upepo huenda," akasema.

Chini ya kiti tulikuta kitabu cha lori, kwa Kiitaliano. Tukakipeleka kwa padri mmoja mstaafu aliyesoma Roma. Kiitaliano anakijua, ila ni cha teolojia. Akavaa miwani akasoma, "Kabla ya kuwasha, hakikisha gari liko katika... katika wazimu." Akavua miwani, akaipangusa, akarudia. "Ndivyo kilivyoandikwa. Folle. Mwendawazimu."

Fundi akakuna kichwa. "Padri, hiyo si nyutro?"

Kumbe ndiyo. Kwa Waitaliano, gia ikiwa haijaingia popote, gari lina wazimu. Tulikubaliana wote kwamba ni jina la haki kuliko nyutro, na kuanzia siku hiyo gereji nzima ikawa inasema "weka wazimu" na "toa wazimu".

Ukurasa uliofuata ulisema mti utokao kwenye giaboksi hadi kwenye difu upakwe grisi mara kwa mara. Wote wakanigeukia. "Mti tumeuacha kwa jirani," nikajitetea. Ikachukua nusu saa na vikombe vitatu vya chai kugundua kwamba albero ni mti, na kwa mafundi ni shafti. Kilichotakiwa grisi ni propela. Sura ya breki hatukuisoma. Panya walikuwa wameila kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakaacha neno FRENI peke yake, na vinyesi.

Jumamosi tuliyowasha, tuliazima betri mbili za basi ili tupate volti 24, fundi akatoa upepo kwenye mipira ya dizeli, nikaweka wazimu, nikapiga stata. Injini ya silinda 6, ya lita zaidi ya 10, haiwaki kama gari dogo. Kwanza inafikiri. Halafu ikakohoa, ikatetemesha mabati ya gereji, na bomba la moshi likatema miaka 19 yote kwa mkupuo: masizi, kiota cha panya, na mbegu mbili za parachichi zilizosokomezwa na watoto wa jirani. Ng'ambo ya uzio kwaya ya kanisa ilikuwa imeanika majoho meupe ya ibada ya Jumapili. Sitasema zaidi, ila nilinunua vitambaa.

"Zima!" wakapiga kelele soprano. Nikazungusha ufunguo. Injini ikaendelea kuunguruma kwa raha zake. Dizeli ya zamani haina habari na ufunguo: ikishawaka inachotaka ni mafuta na hewa basi, na waya wa kuikatia mafuta ulikuwa umekatikia mkononi mwa fundi asubuhi ile ile. "Zima!" wakaongeza alto. Fundi akatazama huku na huku, akachomoa koti langu la suti lililokuwa kwenye msumari, akalisokomeza kwenye mdomo wa hewa. Lori likakoroma, likameza mkono mmoja wa koti mpaka kwenye kiwiko, likazima. Waya mwingine ulifungwa Jumatatu. Koti sikulipata lote.

Siku ya kulijaribu barabarani nilimwambia mzee akae mbele nasi. Akakataa. Utingo hakai mbele. Akapanda kwenye bodi na kabari yake, akaketi pembeni ya mwanya wa mparachichi, miguu ikining'inia kama mtu wa mtumbwini. Nikaketi kwenye usukani, upande wa kulia. (Hata kwao Italia, wanakoendesha kulia, malori makubwa ya zamani yalikuwa na usukani kulia, dereva auone vizuri ukingo wa njia ya mlimani. Hili huwa nawaambia hata wasiouliza.) Mbele yangu mshale wa ARIA, yaani upepo, ulipanda polepole. Hendibreki tulikuwa tumeiweka kwenye kazi za wiki ijayo.

Tulikwenda hadi Tanangozi na kurudi bila kasoro. Gia za lori hili hazina huruma, kila moja inadai dabo klachi: kanyaga, toa, achia, piga resi, kanyaga tena, ingiza. Lakini lilikwenda. Askari wa trafiki kijana alitusimamisha, akakagua bima na taa, kisha akaomba apigwe picha kwenye usukani. Mama mmoja aliyekuwa na magunia mawili ya viazi hakuomba chochote: alipandisha magunia, akapanda, akamwamkia mzee, safari ikaendelea.

Tungeishia Ipogolo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nilikuwa nimefunga honi ya upepo, ya kuvuta kwa kamba, kifaa pekee kipya kwenye lori zima, na Ipogolo nzima ilikuwa inatazama. Nikapiga honi kwa mafundi. Nikapiga kwa mama lishe, kwa bodaboda, kwa kwaya. Kisha nikasema tupande mjini, jirani yangu alione. Kwenye mlima ule wa kuingia Iringa nikampigia honi kila aliyekuwa na masikio, na kila honi ilinywa upepo kutoka kwenye tangi lile lile linalolisha breki. Kompresa yetu ni mzee mwenzake mzee.

Katikati ya mlima lori likalemewa. Nikakanyaga klachi nitoe ya tatu niingize ya pili. Ya tatu ikatoka. Ya pili ikakataa, ikasaga kama mtu anayetafuna changarawe. Lori likasimama, likatulia kidogo, likaanza kurudi nyuma.

"Liko wazimu, Mwalimu!" fundi akapaza sauti. "Toa wazimu!"

Nikakanyaga breki. Ikashuka hadi chini kama mguu kwenye tope. Mshale wa ARIA ulikuwa umelala. Kwenye kioo niliona daladala, nyuma yake bajaji, nyuma yake nusu ya mkoa. Sikuona mzee alichofanya, nimesimuliwa na mama wa viazi: hakuinuka, hakupiga kelele. Aliinama, akaipitisha kabari kwenye mwanya wa mparachichi kwa kamba yake, akaitua nyuma ya tairi kama mtu anayetia sufuria jikoni. Lori likaipanda kidogo, likalia "nkwii", likakaa.

Tukasubiri mshale upande, injini ikiunguruma. Hapo ndipo mzee alipokuja dirishani.

"Sasa, Mwalimu. Likiondoka halisimami mpaka juu. Mtu lazima abaki chini, lori likitoka achomoe kabari, akimbie nayo, adandie. Mwaka 1969 nilikuwa nafanya hivyo mara nane kwa siku moja." Akanitazama. "Mimi leo siwezi kukimbia."

Fundi hakuweza kushuka, ndiye pekee aliyejua kuingiza ile gia ya pili. Mama wa viazi alitazama pembeni. Nikamwachia fundi usukani, nikashuka.

Lori likaondoka. Nikachomoa kabari, nzito kuliko nilivyodhani, nikaikumbatia, nikakimbia. Lori nalo likakimbia, si sana, ila kila nilipobakiza hatua mbili fundi aliongeza resi, kwa kuwa aliogopa kubadili gia. Daladala likanifuata taratibu, konda akining'inia mlangoni akinihesabia hatua. Kwenye kona ya juu walikuwapo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wametoka bweni kwa ruhusa ya Jumamosi.

"Mwalimu! Mwalimu! Kaza!"

Mbele, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha kushoto kwa fundi, alichokikataa asubuhi, kiwiko nje ya dirisha. Alinitazama kwenye kioo muda mrefu, akanyoosha mkono kwenye kamba, akanipigia honi.