Bei ya Kuvutwa Usiku wa Manane

Watu wa Mpanda wakishajua una boti Ikola, basi wewe ni tajiri. Kadi za michango ya harusi zinakujia zikiwa zimeshajazwa kiwango. Hakuna anayeuliza tajiri huyo analalaje. Analala na simu chini ya mto, kwa sababu habari za boti haziji mchana.

"Tajiri, mashine imegoma." Hiyo ndiyo salamu. Tena imegoma kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470. Nanga gani itagusa chini huko? Mashine ikishazima, upepo ndio unaoamua mtaamkia Karema au Kongo.

Usiku mmoja ilipokuja, nikamuuliza nahodha kama vijana wamevaa maboya. Akajibu yapo, yametunzwa vizuri. Matunzo hayo nayafahamu. TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, wakija kukagua, maboya yanatolewa yanang'aa, bado yamo ndani ya nailoni zake. Wakiondoka, yanarudishwa chini ya mbao, eti yakilowa yatachakaa. Jaketi okozi linaloogopa maji! Nchi iliyozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018 bado inambembeleza mtu avae boya.

Msaada ulifika: boti ya jirani, wa mwalo wetu huohuo wa Ikola. Vijana aliwachukua bure, Mungu ambariki. Ndiyo desturi ya majini, na hata Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa mwaka 1989 haumtozi mtu malipo kwa kuokolewa roho yake. Ila boti, mashine na dagaa vina bei. Akaomba aongee na mimi.

"Bosi, nivute au niache?"

Saa nane usiku, niko nyumbani Kashaulili, Mpanda, nimefunga msuli, napatana bei na mtu aliye katikati ya ziwa. Kila nikisema "punguza kidogo", ananyamaza makusudi nisikie mawimbi. Tukamalizana kwa nusu ya dagaa na petroli ya kwenda na kurudi. Kamba ilikuwa yangu, na mpaka leo hajairudisha.

Asubuhi nikaenda kwa wakala wa bima. Kibanda chake kinaendeshwa na bima ndogo za bodaboda. Akafungua fomu.

"Namba ya chesisi?"

"Kaka, ni ya mbao."

Akaandika "mbao". Alipopiga simu kwa wakubwa zake ndipo nikaelezwa: bima ya chombo ni ya kuzama, kugongwa na kuungua, mashine iliyochoka kwa uzee ni shauri lako na fundi wako. Gharama za kuvutwa? Mpaka ziwe zimeandikwa kwenye mkataba. Na kama cheti cha ubora kimeisha muda, au boti ilizidisha mzigo, jiandae kukataliwa. Nikauliza kama kuna bima ya nahodha anayetunza maboya. Akacheka, nami sikuwa natania.

Kinachoniudhi zaidi ni MV Liemba, meli ya ziwa hilihili. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Mashine yangu ikinyeshewa manyunyu inataka fundi kutoka Kigoma.

Sasa nimepeleka hoja kwenye BMU, kikundi chetu cha usimamizi wa mwalo. Bei ya kuvutana ipangwe nchi kavu, mchana, watu wakiwa wameshiba, kisha ibandikwe ukutani. Tupimiane umbali na mafuta, siyo hofu ya mwenye boti. Wote wameafiki. Tumekwama kwenye kamati ya kupanga hiyo bei: wenye mashine nzima wanataka waiongoze wao, kwa madai kwamba wao ndio watakaovuta. Itabidi tupige kura. Wenye mashine mbovu nimeshatuhesabu: tunashinda asubuhi na mapema.