Mgeni Asiye na Shingo

Tangu jana usiku kundi la WhatsApp la ukoo halijalala. Picha za harusi ya mpwa wangu zimefika kutoka Ujerumani, alikozisafishia binamu, na kwenye ile ya kukata keki bwana harusi hayupo. Mahali pake pana kitu kinene, cheusi, kisicho na shingo. Shangazi akauliza, "Huyu mgeni wa upande gani?" Ni kidole gumba changu.

Wanaocheka hawajawahi kushika kamera ya mkanda wa 110, kile kiplastiki cha kutia mfukoni. Kodak waliuleta mkanda huo mwaka 1972, ukiwa ndani ya kaseti iliyofungwa kabisa: unaitumbukiza, unafunga mlango, basi. Hakuna kuvuta ncha ya mkanda, hakuna kuurudisha nyuma. Pembeni kila picha ina tundu moja tu. Ukisogeza mkanda, kijino cha chuma kinadumbukia katika tundu hilo na kuuzuia usipitilize. Tena katika kamera nyingi za aina hii, kijino hichohicho ndicho kinachotega kilango cha mwanga. Pasipo mkanda, kitufe unakibonyeza bure! Yaani mkanda wenyewe ni kipuri cha mashine. Nimepoza chai nyingi nikikichungulia kile kijino. Na picha inayonaswa ni milimita 13 kwa 17, gumba langu linaifunika yote.

Safari hii lilimfunika bwana harusi tu. Tundu la kuchungulia liko kando ya lenzi, halipiti ndani yake. Mimi niliona keki, kisu na bwana harusi. Lenzi iliona gumba. Waliounda kamera hii walipunguza kila kitu isipokuwa vidole vya mnunuzi.

Kwenye picha nyingine mkwe amekatwa sikio. Biriani imetoka vizuri.

Na kwa nini Ujerumani? Kwenye studio ya mtaani kwetu kijana aliipokea kaseti, akaitikisa sikioni, akawaita wenzake waje wacheke. Haya. Lakini studio hiyohiyo ilipoachana na mikanda, ilizimwaga jalalani negativu za wateja, za harusi ya wazazi wangu zikiwemo, na hakuna aliyeulizwa. Tulizilipia. Zilikuwa zetu.

Nawe kama wazee wako walipigwa picha studio ambayo bado ina mlango, kaulizie negativu zao wiki hii.