Jinsi ya Kupata Ushauri Unaoutaka Ukiwa Kanzenze

Kwanza subiri usiku. Mchana, kwenye mashamba ya viazi ya Kanzenze, Rwanda, ushauri una masikio mengi mno: shangazi anapita, jirani anapunguza kishindo cha jembe ili asikie vizuri. Ukishajifunika blanketi, nunua bando, fungua ChatGPT, ueleze shida yako kwa upande mmoja tu. Hapo ndipo penye kazi. Usiandike "tumegombana", andika "mchumba wangu hanielewi". Usitaje kwamba hela ya mbegu ndiyo iliyonunua simu unayoandikia. Mashine haiwezi kumwita mchumba, wala haijui kwao wametaja ng'ombe gani wa inkwano, yaani mahari, kwa hiyo itakuonea huruma kwa aya nne nadhifu.

Jibu likija na "lakini", uliza tena, mara hii na machozi kidogo. Mashine hizi hupenda kumridhisha muulizaji. Aprili 2025 OpenAI yenyewe, kampuni ya ChatGPT, ililazimika kuondoa toleo jipya la GPT-4o kwa kuwa lilizidi kusifu watu. Usisikitike, sifa za kukutosha zimebaki.

Kwenye suala la siri nakuunga mkono. Mwambie shangazi leo, na soko la Mahoko litakuwa na habari zako kabla viazi havijapimwa. Ni kweli kwamba Julai 2025 Sam Altman, mkuu wa OpenAI, alisema mazungumzo na ChatGPT hayana kinga ya kisheria kama ya daktari au wakili, na mahakama inaweza kuyadai. Shangazi, pamoja na umbea wake wote, haweki kumbukumbu za maandishi.

Jihadhari na umuganda, kazi ya pamoja ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mzee atakukuta na beleshi mkononi, na hatakuuliza unajisikiaje, atauliza, "Na mwenzako anasemaje, mwanangu?" Mjibu kwamba umeshashauriwa. Akiuliza na nani, chimba kwa bidii.

Mambo ya ng'ombe yakifika kwa abunzi, usitishike. Wapatanishi hawa huchaguliwa kwa uadilifu wao, na wana tabia ya kuudhi ya kusikiliza pande zote mbili. Wewe soma kwa sauti aya zako nne, hasa ile inayosema hisia zako ni halali. Wakiuliza kama shahidi wako anamfahamu binti, sema anamfahamu sana, ulimsimulia mwenyewe. Kisha omba chaja, maana shahidi amebakiwa na asilimia 3.