Shangazi wa Gereji: Mambo ya Mvunguni

Safu hii ilianzishwa kwa ajili ya wenye ndoa ngumu. Lakini tangu mvua zianze, kila bahasha yenye harufu ya uturi ikifunguliwa hutoka swali la sampo. Shangazi hana kinyongo. Kwenye kaunta ya duka la spea amekaa miaka mingi kuliko aliyokaa kwenye ndoa yoyote, na ya mvunguni anayajua. Barua za mapenzi zitajibiwa barabara zikikauka.

*Shangazi shikamoo. Nina Toyota IST, naishi Goba. Fundi wangu, wakati wa kumwaga oili, alitoa ile plastiki pana ya chini ya injini akasema ni urembo wa Wajapani, huku kwetu haina kazi. Sasa kila nikipita kwenye dimbwi mkanda unalia, na mke wangu anasema nimeibiwa. Fundi ni rafiki yangu tangu shule. Nimwamini nani? — Njia Panda, Goba*

Marahaba mwanangu. Mwamini mkeo, ila wizi tuufute kwenye mashtaka. Kava ile hushikwa na klipu za plastiki na bolti ndogo za spana namba 10. Klipu zikikaa miaka juu ya joto hukauka, na zikiguswa hukatika. Fundi wako alizivunja, akaona uvivu kutafuta nyingine, akakupa nadharia kuhusu Wajapani. Ni rahisi kuliko kusema "zimekatika".

Kazi inazo, tena si moja. Maji ya dimbwi yanayorushwa na magurudumu yalikuwa yanagonga kava yakarudi chini. Sasa yanapanda hadi kwenye mkanda, ndiyo maana unalia, na kutoka hapo yanaitembelea altaneta, stata na soketi za nyaya ambazo hazikuomba kuoga. Kava pia huelekeza upepo: uingiao mbele upite kwenye rejeta na kutoka unakotakiwa kutokea, na ule wa chini uteleze bila kujikunja kwenye vyuma vya injini. Hata makelele yanayoingia ndani huyapunguza. Ukiikosa, gari halitasimama kesho. Litachoka kidogo kidogo, na utamlaumu aliyekuuzia.

Lakini usiipe sifa isizokuwa nazo. Kava ya plastiki ni kanga: inakukinga vumbi na matope, haikukingi rungu. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto litapita nayo mpaka kwenye sampo, kile chombo cha oili kilicho chini kabisa ya injini. Kwa Goba ninayoijua mimi, kama unakoishi ni kule kwenye miteremko isiyo na lami, utahitaji bati la chuma. Soma barua inayofuata kabla ya kutoa pesa.

Ukienda Gerezani kutafuta ya mkononi, nenda na kadi ya gari. IST ni vizazi viwili, cha 2002 na cha 2007, na kava zao si moja hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake. Mtaka cha mvunguni huinama: igeuze, tazama kama kona zake zimeshonwa kwa waya, kama imelegea kwa joto upande wa ekzosi, kama matundu ya bolti yamepanuka. Nunua na klipu mpya, nyingi kuliko unazohitaji. Zilizobaki mpe fundi, zawadi ya urafiki wa tangu shule.

*Shangazi, mimi ni wa Narok, Probox yangu hubeba maziwa. Shemeji yangu amefunga bati la milimita 3 chini ya Probox yake, na sasa kila harambee na kila mazishi anainamisha watu walione. Nimepata bamba la milimita 10 lililobaki kwenye kutengeneza tangi. Nataka lichomelewe kabisa, lisitoke mpaka mwisho wa dunia. Nakosea? — Sitashindwa*

Tufanye hesabu kwanza, mwanangu, ugomvi wa mashemeji baadaye. Bamba la chuma la sentimita 80 kwa 60, lenye unene wa milimita 3, lina kilo 11 hivi. Hilo ni la shemeji. Lako la milimita 10 linakaribia kilo 38, uzito wa zaidi ya lita 35 za maziwa ambazo hakuna atakayekulipa. Uzito wote huo uko mbele, springi za mbele zinalala, gari linashuka. Ongeza unene wa bamba lenyewe na nafasi inayoachwa kati yake na sampo, na mawe uliyokuwa ukiyapita juu sasa unayagonga. Utawaambia watu bati linafanya kazi kweli, maana utalisikia kila siku.

Kwa gari dogo kwenye changarawe, chuma cha milimita 2 au 3 kinatosha. Ukiwa na pesa za kuchezea, aluminiamu ya milimita 5 kwa ukubwa uleule ina kilo 6 na nusu tu. Na ugumu hautoki kwenye unene peke yake. Mwambie fundi akunje kingo, apige na mikunjo miwili mitatu katikati kwa urefu, maana bamba jembamba lenye mikunjo halinepi ovyo. Mbele kuinuke kwa mteremko ili jiwe liteleze chini kwenda nyuma. Nimeona mabati yaliyokatwa wima mbele. Hayo hayakingi kitu, yanakusanya barabara.

Kuchomelea, sahau. Bati hufungwa kwa bolti kwenye fremu inayobeba injini na kwenye kiunzi cha mbele, panapo matundu yenye nyuzi aliyoyaacha mtengenezaji. Lisifungwe kwenye sampo wala gia boksi: hizo hutikisika pamoja na injini, halafu jiwe likigonga bati, pigo linakwenda palepale ulipotaka kupakinga. Tena yapo magari ambayo injini imepangiwa ishuke chini yanapogongana uso kwa uso, isije ikamfuata dereva ndani. Bamba la milimita 10 lililochomelewa huku na huku linaweza kuizibia njia. Ushindi wa namna hiyo shemeji yako atausimulia mazishini, ila mazishi yatakuwa yako.

Vichwa vya bolti vizame ndani ya bati, la sivyo mawe yatavisaga mpaka spana isishike, na siku ya oili utamwita mtu wa grainda. Tundu liachwe chini ya nati ya kumwagia oili, na lingine chini ya filta ikiwa inafunguliwa kwa chini. Kila bati linapokutana na chuma kingine weka kipande cha mpira wa tairi kuukuu, ama sivyo ngoma itapigwa hadi sokoni. Matundu ya upepo yawepo pia, joto la injini lipate pa kutokea.

Na kwa vile wewe ni wa Narok: nyasi kavu. Ukikata njia malishoni, nyasi hujikusanya juu ya bati, karibu na ekzosi, mahali pa moto kuliko pote chini ya gari. Kila jioni ingiza mkono uzitoe, injini ikiwa imepoa. Magari mengine yameungua yakiwa na sampo nzima kabisa.

Shemeji akikutajia magari ya Safari Rally, mwache aseme. Ni kweli yanapopita Naivasha yana bati la maana chini. Yana pia shokapu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na kundi la mafundi linayasubiri. Wewe unasubiriwa na ndama.

*Shangazi mpendwa, gari la mume wangu lilikuwa likidondosha oili kwenye sakafu niliyoisakafia kwa pesa za kikoba. Tuligombana sana. Akafunga bati la chuma, na tangu hapo hakuna doa. Anasema bati limetibu, nami nimemsamehe. Ila tukipanda mlima siku hizi kunanuka kuungua. — Aliyesamehe, Tanga*

Ulisamehe mapema, shoga yangu. Oili haijaacha kuvuja, imepata pa kujificha. Inajaa juu ya bati, mkipanda mlima inatiririka nyuma kuelekea ekzosi, na hiyo harufu ndiyo taarifa. Bati litolewe leo, lioshwe. Gari lilale usiku mmoja juu ya boksi lililokunjuliwa, na asubuhi msome wote wawili. Doa jeusi au la kahawia ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni la gia boksi ya otomatiki au la usukani. La kijani au la waridi ni maji ya rejeta. Likiwa jeusi, chini ya nati ya kumwagia, huenda dawa ni washa moja ya bei ya soda, na mume wako amenunua kilo 11 za chuma kuikwepa. Wanaume wengine ndivyo walivyo, lakini nilisema mapenzi hatujibu msimu huu.

*Shangazi, naenda Mgeta kujitambulisha kwa wakwe. Juzi nilijaribu njia, nikagonga jiwe. Sampo imebonyea ila haivuji. Taa ya oili inawaka mara moja moja nikikata kona kwenye mlima. Nataka nifunge bati lifunike pale, baba mkwe asione. — Mchumba, Morogoro*

Zima gari kwanza, ndipo uendelee kusoma. Ndani ya sampo kuna bomba lenye chujio linalonyonya oili, na mdomo wake huwa karibu sana na sakafu ya sampo. Sampo ya chuma ikibonyea, sakafu inapanda na kuuziba mdomo huo. Oili unayo tele, injini hainywi. Taa ile haikwambii oili imepungua, inakwambia msukumo umeanguka, na injini inayozunguka bila msukumo wa oili hujisaga kwa muda mfupi kuliko hotuba ya mshenga. Kama sampo yako ni ya aluminiamu, hiyo haibonyei sana. Hupasuka, na ungeshajua.

Sampo ifunguliwe, inyooshwe au inunuliwe nyingine, na chujio litazamwe. Bati liwekwe baada ya hapo, chini ya sampo iliyopona. Kwa wakwe panda gari la abiria. Baba mkwe hatainama kutazama chini ya basi.

*Asalaam aleikum Shangazi. Nina bati la aluminiamu, nipo Makunduchi. Halikupata kutu hata chembe, lakini kuzunguka bolti limekuwa unga mweupe na matundu yamepanuka. — Mwana wa Pwani*

Waaleikum salaam. Umefunga aluminiamu kwa bolti za chuma, kisha ukaongeza maji ya chumvi. Vyuma viwili tofauti vikikutana na chumvi, kimoja humla mwenzake, na hapo anayeliwa ni bati lako. Weka washa za plastiki na mabomba madogo ya plastiki kwenye matundu ili bolti isiguse bati, paka grisi, na gari lioshwe mvunguni kwa maji baridi kila litokapo ufukweni. Matundu yaliyopanuka yawekewe washa pana.

*Shangazi, mimi ni wa Nairobi, nina Nissan Leaf, haina oili wala sampo. Kava ya mbele chini imening'inia baada ya tuta. Fundi wa mtaani anasema atanifungia bati la chuma toka mbele hadi nyuma, atoboe tu matundu machache kwa drili. — Wa Umeme*

Kava ya mbele inafungika, mwanangu: klipu na bolti zilezile nilizomwandikia wa Goba, kazi ya asubuhi moja. Bati toka katikati kwenda nyuma hapana. Pale ndipo ilipolala betri, zaidi ya volti 300, ndani ya sanduku lake la chuma lililozibwa maji yasiingie. Fundi wa mtaani hana biashara ya kutoboa hapo, hata tundu moja. Akija na drili, mpe chai, mpe na mandazi, mwanzishie habari za siasa, umshikilie hapohapo mpaka stima ikatike au jua lizame.